Kuongeza Ujazo wa Injini ya Pikipiki: Hesabu Kamili Kabla ya Kumlipa Fundi

Somo hili linamhusu mwenye pikipiki ya cc 100 au 125 ambaye amekwisha kuambiwa, au ataambiwa siku moja, kwamba injini yake inaweza kupandishwa iwe ya cc 150 kwa bei ya silinda na pistoni tu. Ni maneno yenye mvuto, hususan katika Mkoa wa Tabora. Huku pikipiki ndiyo hubeba gunia la mahindi kutoka Kaliua, madumu ya asali kutoka misitu ya Sikonge, mbolea ya mkulima wa tumbaku wa Urambo, na mgonjwa anayewahishwa zahanati usiku. Barabara kuu zimewekwa lami, lakini mzigo hauanzii barabara kuu. Huanzia kwenye njia ya mchanga, na mchangani ndipo injini ndogo hulalamika.

Njia hizi zimezoea mizigo. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, na mpagazi alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi kidogo. Kiongozi wa msafara alijua kwamba ujira wa wapagazi ulikuwa mwanzo tu wa gharama. Ilikuwapo posho ya kila siku, ilikuwapo akiba ya wagonjwa na watoro, na ilikuwapo hongo, ambalo wakati huo lilikuwa jina la ushuru uliotozwa na watemi njiani, kabla neno hilo halijapata maana yake ya leo. Aliyehesabu ujira peke yake alikwama kabla ya kufika. Mwenye pikipiki anayehesabu bei ya silinda peke yake amefanya hesabu ya namna hiyohiyo.

Ujazo hupimwa kwa milimita

Ujazo wa injini ni nafasi ambayo pistoni huipitia inaposafiri kutoka juu hadi chini ndani ya silinda. Hesabu yake si ya siri. Chukua upana wa silinda kwa sentimita, uuzidishe kwa wenyewe, kisha kwa 0.7854, kisha kwa urefu wa safari ya pistoni. Jibu ni cc.

Tuchukue injini ya Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976 na baadaye kuigwa na viwanda vingi vya China, ambavyo pikipiki zake zimeenea nchini. Silinda yake ina upana wa milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5. Hiyo ni cc 124. Viwanda vya China vilipokuza muundo huo kuwa wa 150, safari ya pistoni iliachwa vilevile na silinda ikapanuliwa hadi milimita 62, ikawa cc 149. Milimita tano na nusu za upana zimeongeza ujazo kwa asilimia 20. Ndiyo maana wazo la kubadili silinda si upuuzi. Lina msingi wake kiwandani.

Hata hivyo, ipo kazi nyingine inayouzwa kwa jina hilohilo, nayo ni kuchonga silinda iliyochakaa na kuweka pistoni ya saizi inayofuata. Saizi hizo hupanda kwa robo ya milimita: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Injini yetu ya 56.5 ikichongwa hadi saizi ya mwisho itakuwa na upana wa 57.5, yaani cc 128 na nusu. Mwenyewe amepata nyongeza ya cc nne na nusu hivi. Akiondoka karakana ataapa kwamba pikipiki imepata nguvu mpya, na hasemi uongo, kwa kuwa ringi mpya zimeziba palipokuwa pakivuja. Lakini nguvu hiyo ni ile iliyotoka nayo kiwandani, imerudi. Kuchonga ni matengenezo halali na ya manufaa. Kosa ni kulipa bei ya kukuza injini kwa kazi ya kuitengeneza.

Usiridhike basi na jibu la "itakuwa 150". Namba za kibiashara zenyewe hukadiriwa: Boxer BM 150, kwa mfano, ina ujazo wa cc 144.8. Muulize fundi upana wa silinda mpya kwa milimita, uandike, upige hesabu mwenyewe kwa simu yako. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika.

Silinda kubwa huja na madai yake

Juu ya pistoni hubaki chumba kidogo ambamo hewa na petroli hugandamizwa kabla ya kuwaka. Katika injini ya cc 124 yenye uwiano wa mgandamizo wa 9 kwa 1, chumba hicho ni cc 15 na nusu hivi. Ukiweka silinda ya cc 149 na kuacha silinda hedi ya zamani, mchanganyiko mwingi zaidi unasukumwa katika chumba kilekile, na uwiano unapanda hadi karibu 10.6 kwa 1. Joto linaongezeka, na petroli huweza kuwaka kabla ya wakati wake. Dereva husikia mlio wa kugonga anapopanda kilima na mzigo. Akiendelea hivyo, pistoni hutoboka au hunata. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa anayenunua petroli ya chupa vijijini, ambayo huenda imechanganywa na mafuta ya taa, kwa sababu mafuta ya taa huongeza tabia hiyo ya kugonga. Kwa hiyo silinda kubwa hudai silinda hedi yake, au walau pistoni iliyotengenezwa kwa ajili ya hedi ya zamani.

Kabureta nayo ilipimwa kwa injini ndogo. Isipobadilishwa, au jeti zake, yaani vitundu vinavyopima petroli, zisipobadilishwa, injini kubwa itakosa chakula, na injini inayokosa petroli huunguza. Klachi ilikusudiwa kuhimili nguvu ya zamani. Sahani zake zikianza kuteleza, nguvu uliyoinunua inaishia kuwa joto na harufu ya kuungua. Shina la silinda mpya likiwa nene kuliko mdomo wa kasha la injini, kasha zima lazima lifunguliwe, lichongwe kwa mashine ya kereza, lioshwe chembe zote za chuma, kisha lifungwe upya. Kazi ya kasha haifanywi chini ya mwembe kwa msasa na tupa, ingawa wapo wanaojaribu. Breki ni zilezile.

Hesabu ya mfano

Bei zifuatazo ni za kufundishia tu. Msomaji aweke mahali pake bei alizotajiwa katika maduka ya spea mjini kwake.

Tuseme dereva wa kijiwe kimoja cha Tabora mjini ameambiwa kwamba silinda, pistoni, ringi na gasketi ni shilingi 85,000, na ufundi ni shilingi 40,000. Anaondoka akijua kwamba shughuli yote ni 125,000. Baada ya injini kufunguliwa anaambiwa kabureta haifai: 45,000. Sahani za klachi: 30,000. Kuchonga kasha kwenye kereza: 40,000. Oili ya kwanza, na ya pili ambayo lazima imwagwe mapema baada ya ringi mpya kuzoeana na silinda: 20,000. Pikipiki imelala karakana siku tatu, na kila siku alikuwa akibakiza shilingi 20,000 baada ya mafuta. Hiyo ni 60,000 ambayo hakuna fundi atakayeiandika kwenye karatasi. Jumla ni shilingi 320,000. Bado hatujataja silinda hedi, na bado hatujahesabu wiki za mwanzo ambapo injini mpya haitakiwi kubebeshwa mzigo mzito wala kuendeshwa kwa kasi.

Tatizo la hesabu hii ni mahali inapojulikana kuliko hata ukubwa wake. Kila nyongeza hutajwa injini ikiwa imekwisha kutawanywa mezani, wakati ambapo mwenye pikipiki hawezi kukataa wala kuondoka nayo.

Petroli ya kila siku

Gharama ya karakana hulipwa mara moja. Petroli hulipwa kila asubuhi. Si lazima injini iliyoongezwa asilimia 20 itumie petroli zaidi kwa asilimia 20. Inategemea mzigo, barabara na mkono wa dereva. Lakini aghalabu aliyetafuta nguvu huitumia. Tuseme pikipiki ilikuwa ikienda kilomita 45 kwa lita na sasa inakwenda 38. Dereva anayetembea kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, alikuwa akinunua lita 69 na sasa ananunua 82. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, nyongeza ni shilingi 38,000 na ushee kwa mwezi, au zaidi ya 459,000 kwa mwaka. Petroli ya mwaka mmoja imeipita gharama yote ya karakana. EWURA hutangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi kwa kila eneo. Tumia bei hiyo katika hesabu yako.

Usikubali wala usikatae takwimu hizi bila kupima. Jaza tangi hadi shingoni, andika kilomita zilizo kwenye saa ya pikipiki, fanya kazi yako ya kawaida siku mbili, kisha jaza tena hadi palepale katika kituo hichohicho. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Fanya hivyo mara tatu kabla ya kugusa injini. Asiyejua matumizi ya pikipiki yake ya sasa hawezi kujua kama mabadiliko yamemfaa au yamemtia hasara.

Je, nguvu imepotea, au haikuwapo?

Swali hili lingepaswa kuulizwa kwanza, lakini kwa kawaida huulizwa mwisho. Mji wa Tabora upo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko Bagamoyo. Injini yoyote isiyo na kifaa cha kusukuma hewa hupoteza nguvu kidogo hapa, iwe ya 125 au ya 150. Hilo halina dawa. Mengine yana dawa, tena ya bei nafuu. Vumbi la kiangazi huziba chujio la hewa. Valvu zisizorekebishwa hupunguza pumzi ya injini. Klachi inayoteleza, breki inayobana, cheni kavu na tairi lenye upepo mdogo hula nguvu ambayo injini imeshaitoa. Moshi wa buluu na kiki iliyo laini kupita kawaida ni dalili za ringi zilizokwisha. Mwenye pikipiki ambaye mwaka jana alipanda kilima fulani na gunia lilelile bila shida, na mwaka huu hapandi, hahitaji injini kubwa. Anahitaji injini yake irudishwe kama ilivyokuwa.

Kwa yule ambaye pikipiki yake ni nzima na bado haitoshi mchangani, ipo njia ya sproketi. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 38. Ukiweka 14 mbele na 42 nyuma, nguvu inayofika kwenye gurudumu katika kila gia huongezeka kwa asilimia 18. Linganisha na asilimia 20 ya ujazo ambayo tungeinunua kwa shilingi 320,000 za mfano wetu. Seti ya sproketi na cheni, ambayo hata hivyo hubadilishwa kila inapochakaa, tuseme ni 40,000, na kazi humalizika siku hiyohiyo. Bei yake ya kweli ni kasi: pikipiki iliyokuwa ikifika kilomita 90 kwa saa, kwa mzunguko uleule wa injini itafika 76. Kwa anayeshinda kwenye lami ya Nzega, mabadiliko haya hayafai, kwani injini italia njia nzima na petroli itaongezeka. Kwa anayeingia na kutoka vijiji vya Ulyankulu na Kitunda na mizigo, kasi ya 90 hakuwa akiitumia.

Ni nani basi anayefaidika kwa kukuza injini? Kwa maoni yetu ni wachache: yule ambaye injini yake imefikia kufunguliwa yote kwa vyovyote vile, na ambaye mtengenezaji wa pikipiki yake huuza muundo huohuo kwa ujazo wote wawili, hata vipuri vya ile kubwa viwe vinaingia bila kuchonga kasha. Wengine wote wapige kwanza hesabu ya kuuza pikipiki waliyo nayo na kuongeza fedha kununua iliyozaliwa na cc 150. Mara nyingi tofauti huwa ndogo kuliko walivyodhani, na kadi yake haitakuwa na doa.

Kadi, bima, na pikipiki ya mkataba

Kadi ya usajili inayotolewa na TRA huandikwa namba ya chesisi, namba ya injini na ujazo wa injini. Namba ya injini hupigwa kwenye kasha. Kwa hiyo ukibadili silinda peke yake namba haibadiliki lakini ujazo unatofautiana na kadi. Ukinunua injini nzima, vyote viwili vinatofautiana. Peleka taarifa ofisi ya TRA ili kumbukumbu zirekebishwe kabla ya kurudi barabarani. Pikipiki ambayo namba yake ya injini haifanani na kadi huleta maswali mbele ya askari, na siku ya kuuza mnunuzi makini atapunguza bei au ataondoka. Kwa injini iliyotumika, dai risiti pamoja na nakala ya kadi ya pikipiki ilikotoka. Muuzaji asiyeweza kuonyesha hata kimoja kati ya hivyo anakuuzia shaka ya wizi.

Bima ya kuwalinda watu wengine ni ya lazima kisheria. Mkataba wa bima hujengwa juu ya taarifa za kweli, na mabadiliko ya injini ni taarifa ambayo kampuni ya bima inastahili kupewa kwa maandishi. Ni barua ya aya moja. Kutoipeleka ni kumpa mkadiriaji wa madai sababu ya kubishana nawe siku ambayo huna nguvu za kubishana.

Kuna kundi linalohitaji tahadhari zaidi, nalo ni madereva wa pikipiki za mkataba, wanaopeleka hesabu kila siku au kila wiki hadi chombo kiwe chao. Mpaka malipo ya mwisho yakamilike, injini hiyo si mali ya dereva. Akiikuza bila ruhusa ya maandishi ya mwenye chombo, mwenye chombo anaweza kudai mkataba umevunjwa, akachukua pikipiki pamoja na malipo ya miezi yote iliyopita na silinda mpya iliyomo. Dereva aliyebakiza miezi mitatu na aliyebakiza kumi na mitatu wako katika hatari ileile. Kama mwenye chombo ameridhia kwa mdomo, mwandikieni pamoja mistari miwili, mtie saini na tarehe, mbele ya shahidi.

Maelewano na fundi

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu aina, ubora au bei ya bidhaa na huduma, na inachukulia kwamba huduma itafanywa kwa uangalifu na ustadi unaostahili, hata kama wahusika hawakutamka hivyo. Fundi wa karakana ndogo anaingia humo sawa na wakala mkubwa. Lakini haki hiyo huhitaji ushahidi, na ushahidi ni karatasi.

Kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa, andikeni upana wa silinda mpya kwa milimita na chapa ya pistoni; orodha ya vipuri vyote vitakavyobadilishwa na bei ya kila kimoja; nani atachonga kasha, na wapi; siku ya kumaliza; na muda ambao fundi atarudia kazi bila malipo ikishindikana. Ongezeni sentensi hii: nyongeza yoyote ya bei isifanyike kabla ya mwenye pikipiki kuikubali kwa ujumbe wa simu. Vipuri vinunuliwe na mwenye pikipiki mwenyewe panapowezekana, kwa risiti ya mashine ya kielektroniki yenye jina la duka. Pistoni bandia hufungashwa vizuri sana, na risiti ndiyo itakayoonyesha ilinunuliwa wapi. Anayetaka maoni ya mtu wa pili kuhusu kazi ya kasha anaweza kuuliza kwa wakufunzi wa ufundi magari katika chuo cha VETA, au ofisi ya SIDO ya mkoa, kuhusu karakana zenye mashine ya kereza.

Mgogoro ukitokea, anza kwa kumwandikia fundi au duka ukieleza kasoro na unachodai, na ubaki na nakala. Usipopata jibu, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani ukiambatisha maelewano, risiti na picha. Bidhaa bandia hushughulikiwa na tume hiyohiyo, na ubora hafifu wa vipuri upelekwe Shirika la Viwango, TBS.

Jambo la mwisho la kudai siku ya kuchukua pikipiki ni silinda, pistoni na kabureta za zamani. Ni mali yako, wala si sehemu ya ujira wa fundi. Zifunge kwa kitambaa kilicholowa oili, uziweke ndani mbali na mvua. Injini kubwa ikila petroli kuliko ulivyopima, au mnunuzi akitaka pikipiki inayolingana na kadi, utahitaji kurudi kwenye injini ya awali, na vipuri hivyo ndivyo vitakavyokuwezesha bila kununua seti ya tatu.